Ratiba ya siku nne Malindi: msitu, bahari na Tsavo kwa watoto na wazee. Naomba ushauri

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Assalamu alaykum, na heshima kwenu nyote. Mimi ni mwalimu hapa Lamu. Jamaa kadhaa wa mtaa mmoja tumekubaliana kuwachukua watoto wetu pamoja na wazee wawili tuwapeleke Malindi kwa siku nne, si kwa ajili ya kuogelea wala kununua nguo, bali waione nchi yao: msitu, wanyama, ndege na matumbawe, wakiwa na mtu wa kuwaeleza kile wanachokiona. Tutakuwa watu kumi na wanne. Mdogo wetu ana miaka tisa, na mkubwa wetu amepita sabini. Wazee hawa hawazungumzi lugha nyingine ila Kiswahili, kwa hiyo mwongozaji aliyezoea kueleza mambo kwa Kiingereza peke yake hatatufaa.

Kampuni moja imenipa ratiba ambayo imenitia shaka. Siku ya kwanza tunavuka hadi Mokowe, upande wa bara, alfajiri, na mchana huohuo tunaingia magofu ya Gede kisha Msitu wa Arabuko-Sokoke. Siku ya pili ni matumbawe asubuhi na magenge ya Marafa jioni. Siku ya tatu ni Hifadhi ya Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, kwenda na kurudi. Siku ya nne ni hori ya Mida na kituo cha nyoka cha Watamu, halafu tunaianza safari ya nyumbani. Nikiitazama naona magari mengi na miguu michache.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, inawezekana kuviona vyote hivi kwa siku nne vikaonekana kweli, au ni kupita tu? Likizo za shule ndizo zinazotubana: ni bora Agosti au Disemba? Na mtu asiye wa kazi hiyo atamtambuaje mwongozaji anayejua kazi yake? Kuna aliyeniambia pia kwamba tusihangaike na Malindi, twende Hifadhi ya Dodori iliyo karibu na kwetu. Nitashukuru kwa maoni kuhusu hilo nalo.

Mwana wa Msitu (Gede)

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze kwa kukueleza kwamba mimi mwenyewe huwaongoza watu katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, ili uyapime maneno yangu ukijua yanakotoka.

Shaka yako ni ya haki. Ratiba hiyo imepangwa kwa kulifuata gari, haikupangwa kwa kuwafuata wanyama. Ukiingia msituni saa nane mchana, baada ya kukaa barabarani tangu alfajiri, utakuta joto, ukimya, vipepeo na watoto wanaosinzia. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki yote, lakini hazina yake ni viumbe vidogo na vyenye haya. Haufanani na mbuga ya nyasi ambako nyati huonekana kutoka mbali. Ingieni saa kumi na mbili asubuhi kupitia kituo cha misitu cha Gede, kilichoko kando ya barabara kuu ya Mombasa, mtembee polepole hadi saa tatu au saa nne, kisha mtoke. Saa hizo za asubuhi zitawapa zaidi ya mchana mzima.

Mwongozaji mzuri atawaonyesha kwanza kwamba hapa kuna misitu mitatu ndani ya mmoja. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti iliyochanganyika, ambamo mibambakofi bado imesimama, ingawa mingi ilikatwa zamani kwa ajili ya milango na samani. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe wenye miti ya mirihi, mahali penye nafasi na mwanga, ambapo makundi ya ndege wa aina mbalimbali hupita pamoja juu ya vilele wakitafuta wadudu. Upande wa magharibi udongo hugeuka mwekundu, miti huwa mifupi na kusongamana, na hapo ndipo anapokaa bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake ni kama sentimita kumi na saba tu. Mbali na hapa kwetu, bundi huyo anajulikana kuwapo chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Mchana hulala wawili wawili katika tawi la chini, na rangi yao huwa ya kijivu, ya kahawia au ya kutu, hata mtu hupita hatua chache kutoka walipo asiwaone. Anayejua watakapolala leo ni yule aliyekuwamo msituni jana na juzi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kumchukua mwongozaji wa hapahapa badala ya dereva aliyetoka mbali na kitabu cha picha.

Watoto watampenda zaidi sange mwenye kiuno cha dhahabu. Ana uzito wa karibu nusu kilo, ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na sehemu ya nyuma yenye rangi ya manjano inayong'aa kana kwamba imepakwa. Huishi dume na jike katika eneo lao, hulala ndani ya kiota cha majani makavu ardhini, na mchana hupekua majani akitafuta wadudu na nyungunyungu. Akimwona adui aliye mbali kidogo, hupigapiga mkia wake kwenye majani makavu ili kumjulisha kwamba ameshaonekana, na ikibidi hutimka kwa kasi ya ajabu. Mtoto akielezwa hilo, na akatulia akasikia mwenyewe sauti ile ya mkia juu ya majani, amepata somo ambalo hatalisahau. Mnyama huyu anapatikana katika misitu ya pwani ya Kenya tu, na makao yake makubwa ni Arabuko-Sokoke. Inaniuma kwamba watu wanaoruka kutoka Ulaya wanamjua kwa jina, ilhali watoto waliozaliwa mwendo wa saa chache kutoka hapa hawajapata hata kumsikia.

Vivyo hivyo kwera wa Clarke, ndege wa manjano na meusi ambaye hana nchi nyingine ila Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua anakozalia, hadi mwaka 2013 viota vyake vilipoonekana katika maeneo ya majimaji ya msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki. Dakatcha haina ulinzi kama wa Arabuko-Sokoke, na miti yake inakatwa kwa ajili ya makaa. Waambieni watoto jambo hili pia, kwa sababu safari inayoonyesha mazuri peke yake huwa haijamaliza kueleza.

Mkitoka msituni, nendeni Gede kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi, kisha mabundo yao, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa vipepeo, huuzwa nje kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Hapo mtoto ataelewa kwa nini mkulima ambaye ndovu humharibia mahindi anaweza bado kutaka msitu ubaki. Magofu yako hapohapo, na tangu mwaka 2024 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kima wanaoishi mle ni wazoefu wa watu, msiwape chakula.

Kuhusu kumtambua mwongozaji: Chama cha Waongozaji Safari wa Kitaalamu nchini, KPSGA, huwatahini watu na kuwapa daraja za shaba, fedha na dhahabu. Muulize mtu wako ana daraja gani, na akuonyeshe kadi. Halafu mpigie simu uzungumze naye kwa Kiswahili kuhusu mnyama mmoja tu. Akikutajia majina kumi bila ya kukueleza mwenendo wa hata mmoja, tafuta mwingine. Muulize pia kama huwapigia ndege sauti zao kutoka kwenye simu ili watokee. Anayefanya hivyo kila siku, mahali palepale, anawasumbua ndege wanaolea makinda, na hastahili kupewa watoto awafundishe.

Mimi ningeiondoa Tsavo kabisa. Kwenda na kurudi kwa siku moja na wazee ni adhabu, na siku hiyo mngeitumia Mida na Sabaki mkafaidi.

Nahodha wa Mayungu

Mwalimu, salaam. Aliyenitangulia amesema vyema juu ya nchi kavu; mimi nitasema juu ya maji. Kampuni hiyo imekuandikia "matumbawe asubuhi" bila ya kuuliza mwezi wa angani utakuwa wa siku ngapi, na hapo pana tatizo. Wewe ni mtu wa Lamu, kwa hiyo sitakufundisha bamvua, siku za maji kupwa na kujaa sana, ni nini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache baada yake, maji ya kwetu hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo, mambo hugeuka, na asubuhi hiyohiyo mtakuta maji ni mengi juu ya matumbawe, nao wazee waliokaa katika mashua yenye kioo chini hawataona ila kivuli. Basi chagueni kwanza tarehe kwa mwezi, kisha ndipo mpange hoteli.

Siku ya bamvua ina faida ya pili. Maji yakipwa asubuhi mko kwenye matumbawe, na alasiri yanapopanda mko Mida, kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko pale Dabaso. Maji yanayopanda huwafukuza ndege kutoka kwenye matope ya mbali na kuwasogeza karibu na watu. Mtaikuta mikoko mnayoijua kwa boriti zake, mkandaa, muia na mchu, na mwongozaji atawaeleza kazi yake ikiwa hai: ndimo wanamokua samaki wadogo na kaa kabla ya kutoka baharini.

Sasa Agosti au Disemba. Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Bahari nje ya mwamba ni kali, na hata ndani upepo huchafua uso wa maji. Lakini ndio msimu wa nyangumi wenye nundu, ambao hupita pwani yetu takriban Julai hadi Septemba, ingawa kuwafuata nje na wazee wenu sikushauri hata kidogo. Disemba kaskazi imeanza na bahari imetulia, ila mvua za bara huujaza Sabaki, na mkondo wa msimu huo husukuma tope lake jekundu kuelekea kusini, hadi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Mkija Disemba mkayakuta maji ya Malindi yana tope, nendeni Watamu, ambako tope hufika kwa uchache. Hifadhi hizi mbili zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za baharini katika Afrika, na zilipata pigo kubwa mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa. Kuna sehemu zimepona na kuna sehemu hazijapona. Mwambieni nahodha wenu awaonyeshe zote mbili.

Nina ombi moja nalisema kwa moyo wote. Wako watu wa kazi yetu wanaowapa wageni mkate wawatupie samaki ili waje kwa wingi juu. Watoto hufurahi, lakini samaki wale kazi yao ni kula mwani na kuusafisha mwamba, na wakizoea mkate huiacha kazi hiyo. Mkipewa mkate, ukataeni kwa upole. Msikanyage matumbawe, na msichukue hata kombe moja lililo tupu, kwa kuwa liko kaa litakalolihitaji kuwa nyumba yake.

Bi Zuhura wa Maweni (Malindi)

Mwalimu, pokea salamu zangu, na kaka yangu wa Gede aniwie radhi, kwa sababu katika jambo la Tsavo sikubaliani naye. Mtoto wa Lamu ambaye mnyama mkubwa anayemjua kwa karibu ni punda ana haki ya kumwona ndovu katika nchi yake mwenyewe, na Malindi ndipo mahali pake pa karibu pa kuanzia. Ninakubali kwamba kwenda na kurudi kwa siku moja hakufai. Dawa yake ni kulala huko usiku mmoja, bila ya kuifuta safari.

Nimewapeleka wanawake wa kikundi chetu pamoja na watoto wao. Njia hupita Jilore na Kakoneni hadi lango la Sala, mwendo wa takriban kilomita 110 kutoka hapa mjini, na ukishaingia unaufuata mto Galana, ambao ndio huohuo tunaouita Sabaki ukifika kwetu. Jambo hili liliwagusa watoto kuliko nilivyotarajia. Walikuwa wameyaona maji mekundu yakiingia baharini Malindi. Wakafika wakayakuta maji hayohayo viboko na mamba wamo ndani yake, na ndovu wamepakaa udongo wake hadi wamekuwa wekundu. Mwongozaji aliyekuwa nasi alisimamisha gari akawaeleza kwamba ndovu hujimwagia vumbi ili kujikinga na jua na wadudu, na kwamba rangi ile ni ya udongo, si ya ngozi. Baadaye aliwaonyesha uwanda wa Yatta ng'ambo ya mto, ule mgongo mrefu ulionyooka kama ukuta, akasema ni mtiririko wa lava iliyoganda, wenye urefu wa karibu kilomita 300.

Kwa ajili ya Tsavo, Agosti ni bora kuliko Disemba. Kiangazi kimekausha madimbwi, wanyama husogea mtoni, na vichaka vimepukutika majani, hivyo swala twiga na choroa huonekana bila ya taabu. Disemba, baada ya vuli, nchi ni ya kijani na inapendeza, lakini wanyama wametawanyika kila upande, kwa sababu hifadhi hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000 na maji yapo kila mahali.

Mwongozaji wa hifadhini nampima kwa jambo moja. Madereva wengine wakisikia kwenye redio kwamba simba ameonekana, hukimbia wote, na huyo simba huzungukwa na magari hata akakosa njia. Katika safari nyingine, na kampuni nyingine ambayo sitaitaja, dereva wetu alifanya hivyo, akatoka nje ya barabara ilhali imekatazwa, na tulimwambia arudi. Mkubaliane naye kabla ya kuondoka: hakuna kukimbilia, hakuna kutoka barabarani, na injini izimwe mnaposimama.

Kuhusu Dodori: ni nchi nzuri, inayojulikana kwa nyemera wake, na imekuwa hifadhi tangu mwaka 1976. Lakini kwa hali ya usalama ya msitu wa Boni na pembezoni mwake, msiwapeleke watoto kwa kusikiliza maneno ya mtu wa mtaani. Ulizeni ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) na serikali ya Lamu kwanza, na jibu mtakalopewa lifuateni.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewasomea jamaa majibu yenu baada ya Isha, na baada ya mazungumzo marefu tumeafikiana Agosti. Tumeyaacha matumbawe hadi Disemba ya mwaka mwingine, pamoja na Marafa na nyoka. Siku ya kwanza tutafika na kupumzika, na alasiri tutazuru magofu ya Gede peke yake. Siku ya pili ni msitu alfajiri, kisha Kipepeo, na Mida alasiri, na tarehe tumeipanga siku hiyo iangukie bamvua. Siku ya tatu tunakwenda Sala na kulala karibu na lango, na ya nne tunarudi. Wanaotaka watabaki Malindi usiku mmoja zaidi kabla ya kuelekea nyumbani, ili wazee wasichoke.

Yamebaki mawili. Mama yetu mmoja ana magoti mabovu: je, ataweza msituni? Na je, mwezi wa Agosti Mida itakuwa na ndege wowote, au tutakuta matope tu?

Mwana wa Msitu (Gede)

Hongera, Mwalimu. Bi Zuhura amenishinda kwa hoja ya kulala huko, nami nakubali.

Mama ataweza. Njia za karibu na kituo ni tambarare na za mchanga, na zipo barabara za ndani ambazo gari hupita taratibu. Gawanyeni kundi mara mbili: wenye miguu wafuate njia nyembamba na mwongozaji mmoja, na wazee wabaki barabarani na mwingine, wakiwa na kiti cha kukunja. Watu kumi na wanne nyuma ya mtu mmoja ni wengi mno hata hivyo. Wa nyuma hawasikii, na sange ameshakimbia kabla hawajafika. Ndovu wamo msituni, kwa hiyo asitokee mtu wa kutangulia mbele ya mwongozaji, hasa watoto. Vaeni nguo za mikono mirefu zenye rangi tulivu, na manukato myaache nyumbani siku hiyo.

Mida mwezi wa Agosti haina wingi wa Disemba, kwa kuwa ndege wengi wanaohama huwa bado wako kaskazini, na wale weupe kwa weusi wanaokula kaa huwa wengi zaidi kuanzia Oktoba. Lakini wapo makinda wa mwaka uliopita ambao hawakusafiri, pamoja na korongo na yangeyange, na mwishoni mwa Agosti wale wanaotangulia kati ya wanaohama huanza kuwasili. Mkitoka Mida na bado mna nguvu, mdomo wa Sabaki uko kilomita chache kaskazini mwa mji, na Agosti ni miongoni mwa miezi ya viluwiri wa Madagaska, ndege wadogo wa kahawia wanaovuka bahari kuja kukaa kwetu wakati wa kusi. Huruka kwa makundi jua likikaribia kuchwa. Nendeni na mwongozaji wa kijiji cha hapo, kwa sababu viboko hutoka majini wakati huohuo.

Bi Zuhura wa Maweni (Malindi)

Nyongeza ndogo, Mwalimu. Ada za KWS hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, hawapokei fedha taslimu langoni, na mtandao wa simu kule Sala si wa kutegemewa. Lipieni mkiwa Malindi na mchapishe stakabadhi. Watu wazima wachukue vitambulisho vyao vya taifa na watoto wachukuliwe nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu bila ya hivyo mnaweza kutozwa bei ya wageni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Maji ya kunywa chukueni ya siku mbili kamili, na darubini kama hamna, mwambieni mwongozaji mapema awaazimie walau mbili, moja ikae mikononi mwa wazee tangu mwanzo wa safari.